Kolibaki, kuchungulia au lupu yako mwenyewe: njia ipi ya kufuatilia faili linalosafiri?

Picha za droni za viwanja vya kijiji kimoja cha Chamwino, zikishaunganishwa kuwa ramani moja, zinaweza kutoa faili la MB 700 bila shida. Modemu ikikupa megabiti 2 kwa sekunde za kupandisha, faili hilo litachukua karibu dakika 47 kufika kwenye seva, hapo mtandao haujakatika hata mara moja. Muda wote huo aliyeko uwandani ana swali moja tu: linakwenda au limekwama? Programu isiyomjibu itamfanya abonyeze "Tuma" tena, na sasa mafaili mawili yatagombania njia ileile nyembamba huku bando likiteketea maradufu.

Anayeandika programu hapa Dodoma hakosi kazi ya namna hii. Upimaji umepamba moto tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Kuna video za harusi zinazokwenda kwa mhariri, na kuna maduka ya Majengo yanayotaka nakala ya hifadhidata ipelekwe seva kila usiku. Zote zinahitaji kuhesabu baiti. Tofauti ipo kwenye nani anahesabu, anahesabia wapi, na anamwambia nani.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kolibaki, yaani fanksheni unayoikabidhi kwa maktaba ya uhamishaji (msimbo ulioandikwa tayari wa kusafirisha mafaili) ili iiite yenyewe kila kipande kinapopita. Ya pili ni kuchungulia: hesabu inawekwa mahali, nawe unakwenda kuisoma kila baada ya muda fulani. Ya tatu ni lupu yako mwenyewe, yaani amri zinazojirudia, ambapo wewe ndiye unayesoma kipande, unakituma, unahesabu, unasoma kingine.

Usidhani kolibaki zote ni moja

Wengi hukosea hapa, kwa sababu neno ni moja na kila maktaba inakupa kitu chake. Ukinakili fanksheni iliyofanya kazi kwenye maktaba moja ukaipeleka kwenye nyingine, mstari wa maendeleo kwenye skrini utarukaruka, au utaganda kwenye asilimia 0, au utafika 300. Kabla ya kuandika chochote, jiulize: ninachopewa ni kipande chenyewe, ni nyongeza, au ni jumla ya mpaka sasa?

| Maktaba | Unachopewa kila mara | Ukubwa wote | Kusimamisha katikati |
|---|---|---|---|
| Python `ftplib` | Kipande chenyewe cha data | Utafute mwenyewe | Rusha hitilafu ndani ya kolibaki |
| Python `urlretrieve` | Namba ya kipande na ukubwa wa kipande | Unapewa, pengine -1 | Rusha hitilafu |
| `paramiko` kwa SFTP | Jumla ya mpaka sasa | Unapewa | Rusha hitilafu |
| `boto3` kwa S3 | Nyongeza tangu mara iliyopita | Utafute mwenyewe | Si rahisi |
| `libcurl` | Jumla ya mpaka sasa, kupakua na kupakia | Unapewa, 0 kama haujulikani | Rudisha namba isiyo sifuri |
| `XMLHttpRequest` | Tukio lenye jumla ya mpaka sasa | Unapewa kama unajulikana | Ita `abort` |
| Dio ya Flutter | Jumla ya mpaka sasa | Unapewa, -1 kama haujulikani | `CancelToken` |

Jedwali halisemi kila kitu. Chukua `ftplib`, maktaba ya FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha mafaili. Ukipakia kwa `storbinary`, kolibaki ni ya hiari: data inakwenda, wewe unaonyeshwa tu kipande kilichokwisha kutumwa ili upime urefu wake. Ukipakua kwa `retrbinary`, kolibaki ndiyo yenye kazi ya kuandika data kwenye diski. Mtu anaona mfano unaotumia `f.write`, anauondoa na kuweka fanksheni yake ya kuhesabu, mstari unapanda vizuri mpaka 100, kisha anafungua faili anakuta baiti 0. Hakuna kilichoharibika hapo. Maktaba imefanya ilivyoagizwa, ila hakuna aliyeandika. Fanksheni yako ya kupakua kwa FTP lazima iandike kwanza, halafu ihesabu.

`urlretrieve` ina kituko chake. Ukizidisha namba ya kipande kwa ukubwa wa kipande, kipande cha mwisho ambacho hakijajaa kitahesabiwa kama kimejaa, na mstari utaonyesha 101 au zaidi. Kata kwenye 100 uendelee. Nyaraka za Python zenyewe zinaiita fanksheni ya zamani, kwa hiyo kwa kazi mpya sioni sababu ya kuianza.

Kwa `paramiko`, inayotumia SFTP (uhamishaji wa mafaili kwa njia iliyosimbwa), kolibaki inaitwa kila baada ya kipande cha baiti 32,768 na unapewa namba mbili, zilizokwenda na ukubwa wote. Ndiyo rahisi kuliko zote hapo juu. Angalizo ni moja: faili tupu halina kipande, hivyo kolibaki haiitwi kabisa, na skrini yako itabaki kwenye sifuri hata kazi ikiwa imekwisha salama. Usiitegemee kolibaki kukwambia kazi imekwisha. Kumalizika kwa `put` yenyewe ndiyo habari.

`boto3`, maktaba ya S3 (hifadhi ya mafaili ya Amazon), ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Inakupa nyongeza, si jumla. Faili kubwa inalikatakata na kulituma kwa thredi kadhaa (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu) kwa wakati mmoja, kwa hiyo kolibaki yako inaweza kuitwa na thredi mbili sekunde ileile. Bila kufuli, yaani kizuizi kinachoruhusu thredi moja tu kwa zamu, hesabu zinapotea. Tena kipande kikishindikana na kurudiwa, nyongeza inaweza kuja ikiwa namba hasi ili kufuta kile kilichokwisha kuhesabiwa. Aliyeandika "kama ni chini ya sifuri, puuza" atafika asilimia 108 akishangaa.

Kolibaki ikinyamaza

Umemwambia mdogo wako aliye kwenye basi la kwenda Singida akupigie akifika Bahi, Manyoni na Ikungi. Basi likiharibika kati ya Manyoni na Ikungi, simu haiiti, na wewe Dodoma huna namna ya kujua kama wamekwama au barabara ni ndefu tu. Kolibaki inayoitwa kwa kila kipande ni hivyohivyo. Pakiwa na mwendo inasema. Mtandao ukilala, nayo inalala, na fanksheni yako haipati hata nafasi ya kuandika "tumekwama".

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kasi na uzuri wa msimbo, kwa sababu mtumiaji wa huku haulizi sana "asilimia ngapi?" Anauliza "bado iko hai?"

Hapa `libcurl` imewazidi wenzake. Kolibaki yake mpya, `CURLOPT_XFERINFOFUNCTION`, iliyochukua nafasi ya `CURLOPT_PROGRESSFUNCTION` tangu toleo la 7.32.0, inaendelea kuitwa hata kama hakuna baiti inayopita. Wakati wa ukimya hupungua mpaka takribani mara moja kwa sekunde. Kwa hiyo ndani yake unaweza kulinganisha namba ya sasa na ya sekunde 20 zilizopita, ukiona ni ileile unarudisha 1, na uhamisho unakatwa hapohapo. Usisahau kuweka `CURLOPT_NOPROGRESS` kuwa 0, vinginevyo kolibaki haitaitwa hata mara moja. Ukitaka kukwepa hesabu hiyo yote, weka `CURLOPT_LOW_SPEED_LIMIT` na `CURLOPT_LOW_SPEED_TIME`, na curl itakata yenyewe mwendo ukishuka chini ya kiwango ulichotaja kwa muda uliotaja.

Kwa maktaba nyingine, dawa ni kuchanganya: kolibaki inaongeza hesabu tu, na saa iliyo nje yake ndiyo inayochungulia. Kwa Python inatosha hivi:

```
import threading, time

class Hesabu:
    def __init__(self, jumla):
        self.jumla = jumla
        self.zimekwenda = 0
        self.mwendo_wa_mwisho = time.monotonic()
        self.kufuli = threading.Lock()

    def ongeza(self, kiasi):
        with self.kufuli:
            self.zimekwenda += kiasi
            self.mwendo_wa_mwisho = time.monotonic()

    def weka(self, sasa):
        with self.kufuli:
            self.zimekwenda = sasa
            self.mwendo_wa_mwisho = time.monotonic()

    def ukimya(self):
        return time.monotonic() - self.mwendo_wa_mwisho
```

Kisha kila maktaba unaiunganisha kwa mstari mmoja. Tuseme `h` ni `Hesabu` uliyoitengeneza kwa faili hilo: `boto3` unaipa `h.ongeza` kama ilivyo. `ftplib` ya kupakia unaipa `lambda kipande: h.ongeza(len(kipande))`. `paramiko` unaipa `lambda sasa, jumla: h.weka(sasa)`. Skrini haijui kama chini kuna FTP au S3. Kila nusu sekunde inasoma `zimekwenda` na `ukimya`. Ukimya ukizidi sekunde 10, badilisha maandishi yawe "Mtandao umesimama, tunasubiri". Hapo mpimaji wa Chamwino ataacha kubonyeza, atasogea penye mtandao.

Mpangilio huu una faida nyingine. Kolibaki huendeshwa na thredi ileile inayohamisha faili, kwa hiyo ikichelewa, uhamisho nao unachelewa. Faili la MB 700 kwa vipande vya baiti 8,192 vya `ftplib` lina miito 89,600. Weka ndani ya kila mwito amri ya kuchora dirisha upya au kuandika kwenye hifadhidata, na utakuwa umeipunguza kasi kwa mikono yako. Kuongeza namba moja hakugharimu kitu. Halafu kuna suala la madirisha: Android haikuruhusu kugusa kitu cha skrini kutoka thredi ambayo siyo iliyokitengeneza, na Tkinter nayo ni salama zaidi ukiigusa kutoka thredi kuu peke yake, kwa `after(500, chora)`. Anayechungulia kutoka thredi kuu hakutani na balaa hizo.

Hasara ya kuchungulia ni ndogo: mstari unachelewa nusu sekunde nyuma ya ukweli. Kwa faili la dakika 47, sijamsikia mtu akilalamika.

Lupu yako mwenyewe

Kupakua kwa HTTP ndiko mahali ambapo lupu inashinda kolibaki wazi kabisa:

```
with requests.get(anwani, stream=True, timeout=30) as jibu:
    jibu.raise_for_status()
    for kipande in jibu.iter_content(65536):
        faili.write(kipande)
        h.ongeza(len(kipande))
```

Kila kitu kiko mbele ya macho. Unataka kusimamisha? `break`. Unataka kupunguza kasi ili wenzako ofisini nao wafanye kazi? Weka usingizi mfupi kati ya vipande. Na `timeout=30` hapo haimaanishi kazi nzima imalizike kwa sekunde 30. Inamaanisha seva isinyamaze sekunde 30 mfululizo. Tatizo la ukimya limetatuliwa bila saa ya nje.

Ila kuwa macho na ukubwa. Seva ikituma data iliyobanwa kwa gzip, `Content-Length` ni ukubwa wa kilichobanwa, na `iter_content` inakupa kilichokwisha kufunguliwa. Ripoti ya MB 3 ya maandishi itaonekana imepakua MB 14 kati ya 3. Kwa mafaili yaliyobanwa tayari kama JPEG, MP4 na ZIP, seva nyingi hazibani tena na tatizo halionekani. Kwa CSV na JSON linaonekana mara moja. Kwa hayo, omba seva isibane kwa kutuma `Accept-Encoding: identity`, au achana na asilimia, onyesha MB zilizoingia tu.

Upande wa kupakia, lupu ina kazi kubwa zaidi kwa sababu wewe ndiye unayebeba itifaki. Kwa SFTP bado ni nyepesi: fungua faili la upande wa pili, andika kipande kwa kipande. Kwa HTTP lazima ujenge mwili wa ombi mwenyewe, na hapo ningependelea kolibaki ya maktaba iliyokwisha kuumia kwa niaba yako.

Kunakili kutoka folda kwenda flashi hakupewi uzito, lakini ndiko kunakoonekana zaidi kwenye stesheneri za karibu na chuo. `shutil.copyfile` ya Python haina kolibaki, kwa hiyo ni lupu, au kwa Windows ni `CopyFileEx`, ambayo kolibaki yake hurudisha amri ya kuendelea, kufuta au kusimama. Mstari ukifika 100 data inaweza kuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haijaandikwa kwenye flashi. Ita `os.fsync` kabla ya kuandika "Tayari", maana mwanafunzi akiona neno hilo anachomoa hapohapo.

Kwenye kivinjari hakuna mjadala mrefu

Kama unapakia na unataka mstari, tumia `XMLHttpRequest`. `fetch` ya kawaida haina tukio la maendeleo ya kupakia. Ni nzuri, ni mpya, imepangika, lakini hilo haina. Kupakua inawezekana, kwa kusoma `response.body` kwa `getReader` na kuhesabu vipande, na tatizo la gzip linakufuata hata huko.

Kwa `XMLHttpRequest`, msikilizaji unamweka kwenye `xhr.upload`, si kwenye `xhr` yenyewe, na unamweka kabla ya `send`. Angalia `lengthComputable` kabla ya kugawanya. Ukiona `total` imezidi kidogo ukubwa wa faili, usihangaike: fomu ina vichwa na mipaka yake, navyo vinahesabiwa. Jambo moja huwashangaza watu wa seva: ukishaweka msikilizaji kwenye `xhr.upload` na seva iko kwenye kikoa kingine, kivinjari hutuma kwanza ombi la `OPTIONS` kuomba ruhusa. Seva isiyolijibu hufanya upakiaji uliokuwa unakwenda jana ugome leo, na aliyebadilisha aliongeza mstari tu.

Wanaotumia axios, maktaba ya JavaScript ya maombi ya HTTP, wana `onUploadProgress`, na wa Flutter wana `onSendProgress` ya Dio. Hizi ni kolibaki nzuri, zenye jumla ya mpaka sasa. Bado ukimya wake ni uleule wa basi la Singida, kwa hiyo saa ya nje iwepo.

Asilimia 100 ambayo haijafika

Njia zote tatu zina udhaifu mmoja wa pamoja. Unapopakia, kinachohesabiwa ni baiti zilizotoka kwenye programu yako. Zikitoka hapo zinaingia kwenye bafa (kumbukumbu ya kusubiria) ya mfumo endeshi, kisha modemu, kisha mnara, kisha njia nzima. Faili la KB 200 linaweza kumezwa lote na bafa kwa kupepesa jicho, mstari ukaonyesha 100, halafu sekunde 8 za kimya kabla ya seva kujibu. Kwa mtumiaji sekunde hizo ni programu iliyoganda.

Kwenye seva kuna kituo kingine. nginx, programu ya seva ya wavuti inayokaa mbele ya programu yako, kwa kawaida hupokea mwili wote wa ombi kwanza, ndipo hukabidhi kwa programu iliyo nyuma yake. Mstari umefika 100, nginx imeshiba, na programu yako ndiyo kwanza inaanza kusoma faili, kulikagua na kulihifadhi.

`XMLHttpRequest` inakupa njia ya kulitenganisha hili bila ujanja: tukio la `load` la `xhr.upload` linasema mwili umekwisha kutumwa, na `load` ya `xhr` yenyewe inasema jibu limerudi. Kati ya hayo mawili andika "Seva inapokea". Kwa `paramiko`, `put` hupeleka vipande bila kusubiri jibu la kila kimoja, kwa hiyo kolibaki inatangulia mbele ya ukweli. Ila mwishoni, `confirm` ikiwa haijazimwa, inauliza seva ukubwa wa faili lililofika na kulinganisha. Usiizime ili kuokoa nusu sekunde.

Ukitaka ukweli wa kilichofika wakati safari inaendelea, kuna kuchungulia kwa aina nyingine: fungua muunganisho wa pili wa SFTP, na kila sekunde 5 uliza `stat` ya faili lililo upande wa pili. Namba hiyo imetoka kwa mpokeaji. Ni ghali kidogo kwa mtandao, kwa hiyo sipendekezi kwa kila faili, lakini kwa nakala ya hifadhidata ambayo bosi atakuuliza kesho, inafaa.

Makadirio ya muda uliobaki nitayapitia haraka. Ukigawanya kilichobaki kwa kasi ya sekunde ya mwisho, utaonyesha dakika 3, kisha 40, kisha 6. Chukua kasi iliyolainishwa: sehemu 0.8 ya kasi ya zamani na 0.2 ya kasi ya sasa, ukipima kila sekunde. Ukimya ukizidi sekunde 10, futa makadirio kabisa badala ya kuonyesha masaa 19.

Mtandao ukikatika

Kama una siku mbili tu za kazi hii, siku moja na nusu ziende hapa. Mstari mzuri unaorudi sifuri umeme ukikatika Bahi haumsaidii mtu, na bando lililokwisha kuliwa halirudi.

Kwa FTP, `storbinary` na `retrbinary` zote zina kigezo cha `rest`, mahali pa kuanzia, ilimradi seva inakubali. Kwa SFTP, uliza `stat` ya faili la upande wa pili, lifungue kwa kuendeleza, sogeza faili lako mpaka hapo, lupu iendelee. Hapa `put` na kolibaki yake haikusaidii, kwa sababu yenyewe huanza mwanzo kila mara. Kwa kupakua kwa HTTP, tuma kichwa cha `Range` na uangalie jibu: 206 ni sawa, endelea. Ukipata 200, seva imepuuza ombi lako na inakutumia faili lote, kwa hiyo futa ulichokuwa nacho kabla ya kuandika, la sivyo utaunganisha nusu na zima. S3 inagawa faili kwenye sehemu zisizopungua MB 5, isipokuwa ya mwisho, na sehemu zikizidi 10,000 inakataa. Kwa kivinjari na simu kuna itifaki ya tus, ya kuendeleza upakiaji uliokatika: mteja anatuma `HEAD`, seva inajibu `Upload-Offset`, na `PATCH` inaanzia hapo.

Baada ya kuendeleza, kolibaki nyingi huhesabu kuanzia sifuri ya kipindi hiki. Ongeza pale ulipoanzia, na kasi uihesabu kwa baiti za leo tu, vinginevyo makadirio yatasema umebakiza sekunde 4.

Ningechagua hivi

Kwa wapimaji wenye kompyuta mpakato na modemu: SFTP kwa lupu yangu mwenyewe, kwa sababu ya kuendeleza, pamoja na `Hesabu` na skrini inayochungulia. `put` ya `paramiko` na kolibaki yake ningeiacha kwa ofisi yenye faiba, ambako faili likikatika kulianza upya ni dakika 2. FTP tupu nisingeianza mwaka huu kwa mteja yeyote, maana nywila inapita wazi. Seva ikiwa ni ya mtu mwingine na haina kingine, angalau `FTP_TLS`, yaani FTP iliyosimbwa.

Kwa programu ya simu: Dio na kolibaki yake, ikiwa mafaili ni picha za MB 3 au 4. Yakianza kuwa video, hamia tus. Kwa tovuti: `XMLHttpRequest`, au axios ikiwa tayari ipo kwenye mradi. Kwa C au C++, na hata kwa vifaa vidogo, `libcurl` bila kusita. Kwa S3, kolibaki ya `boto3` pamoja na kufuli, na kubali kwamba mstari unaweza kurudi nyuma kidogo.

Na ile nakala ya hifadhidata ya duka inayoondoka saa nane usiku haihitaji mstari wala asilimia. Hakuna anayeangalia skrini saa hiyo. Andika kwenye logi mistari minne: saa ilipoanza, ukubwa wa faili, saa ilipoisha, na ukubwa uliosomwa kutoka seva baada ya kuisha. Ukubwa wa mara hizo mbili ukitofautiana, tuma ujumbe mfupi kwa mwenye zamu.